Gramu Sita za Haluli

Nilirudishwa nyumbani wiki mbili kwa kosa la kuwaharisha viranja kumi na mmoja, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba najutia wawili tu. Hao wawili walikuwa watu wema waliopita jikoni kuomba chai isiyowahusu. Tisa waliobaki walikunywa chai yao halali, yenye maziwa yao, sukari yao na haluli yangu, na yaliyowapata asubuhi ile mbele ya wakaguzi yameshaingia katika historia ya bweni letu. Sina haja ya kuyarudia. Nitasema tu kwamba vyoo vya bweni ni vinne.

Haluli, kwa ambaye hakulelewa na bibi, ni chumvi nyeupe iliyo chungu, inayofungua tumbo bila kubisha hodi.

Mkuu wa shule aliandika barua. Alisema ningepokelewa tena iwapo mzazi angethibitisha kwa maandishi kwamba muda wote wa adhabu sikugusa dawa yoyote ya kuendesha. Neno "yoyote" alilipigia mistari miwili. Baba ni karani wa posta, na anaheshimu barua kuliko watu. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya kioo, pale ambapo familia nyingine huweka picha ya harusi.

Chumba changu nilikikuta kina mwenyewe. Alikuwa Mjomba, kaka mkubwa wa mama, fundi mizani kwa miaka ishirini. Watu hawajui kwamba mizani nayo huugua. Ya bucha huanza kumpendelea mwenye bucha. Ya zahanati humwongezea kila mtoto nusu kilo na kuwafurahisha kina mama bure. Kazi ya Mjomba ilikuwa kuziponya: anaweka jiwe la shaba la kilo moja, mizani inasema kilo na robo, naye anaitazama kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyesema mbwa amekula daftari.

Kisha akaugua yeye. Ugonjwa wake ulianzia mezani. Aliamini kwamba chakula chake kinatiwa kitu. Aliacha kula kazini, akaacha kula nyumbani, na hadi wanampeleka hospitali alikuwa ameishi wiki tatu kwa mayai aliyochemsha mwenyewe, baada ya kuyaosha kwa sabuni. Hospitalini walijaribu dawa hii na ile mpaka wakapata vidonge vya manjano, vitatu kila jioni, na vidonge hivyo vikamrudisha: yeye, mizaha yake na kipara chake. Miezi minane sasa alikuwa akila kwetu anachopewa na kuomba kuongezwa. Mwenye karakana alikuwa amemtunzia meza yake. Alichotaka ni barua tu kutoka kliniki, kwamba fundi ametulia. Siku ya kliniki ilikuwa Alhamisi. Akipata barua, Jumatatu inayofuata anarudi kwenye mawe yake ya shaba.

Kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili wanaosubiri barua, na mmoja wao hakuwa na kosa.

Choo chetu ni kimoja, mwisho wa ukumbi, chenye mlango wa mbao usiofika chini. Jumamosi asubuhi Mjomba aliingia humo na gazeti. Baba alipita mara moja, mara mbili, mara ya tatu akakohoa kikohozi cha posta, kile cha kumwambia mteja dirisha linafungwa. Baada ya dakika hamsini Mjomba alitoka. Nimewaona watu waliotoka chooni kwa namna nyingi, nina uzoefu, lakini yule alitoka kama mgombea aliyeshindwa uchaguzi kijijini kwao mwenyewe. Gazeti alikuwa amelisoma mpaka matangazo ya vifo.

Jumapili alirudi kule mara tatu. Bibi, aliyekuwa akichambua maharage karibu na hapo, alisema kwa sauti ya kuwaambia maharage kwamba siku hizi choo kimekuwa ofisi. Katika familia yetu mtu anaweza kuzungumzia deni la mwenzake, ndoa ya mwenzake na hata akili ya mwenzake, lakini haja kubwa ya mtu mzima ni siri ya dola. Dada hamwulizi kaka yake. Mama hamwulizi mwanawe mwenye kipara. Bibi, ambaye hawezi kumaliza siku bila kutukumbusha kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, aliinamia maharage yake na kuyaficha maradhi ya mwanawe kwa moyo mmoja.

Mimi sikuwa na heshima ya kunizuia. Jioni hiyo nilimkuta uani, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono tumboni.

"Shikamoo Mjomba. Siku ngapi?"

Hakujifanya hajaelewa. Alinitazama, akatazama mlango wa jikoni, akasema, "Nane. Na ukimwambia mama yako nitasema uongo."

Akanieleza kwamba ni vile vidonge. Vimemrejeshea kichwa, vikalilaza tumbo. Mwanzoni alikuwa akikosa siku mbili, kisha tatu, kisha nne, na sasa tumbo limehama kabisa bila kuacha anwani. Kliniki hakuwahi kusema, kwa sababu daktari ni binti wa umri wa kuwa mwanawe, na mtu hawezi kuketi mbele ya binti wa watu na kuanza habari kama hizo. Kisha akasema jambo ambalo lilinitia baridi. Alikuwa anafikiria kupunguza kidonge kimoja. Hajapunguza bado. Anafikiria tu. Labda tumbo litaamka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipoosha mayai kwa sabuni. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa dukani kuyanunua. Sikutaka kutumwa tena.

Sasa fikirieni wenyewe, waheshimiwa. Hapa kuna mtu ambaye tumbo lake limegoma. Na hapa kuna kijana ambaye shule nzima inamwita Daktari wa Tumbo, aliyethibitishwa kwa majaribio juu ya viranja kumi na mmoja, bila hata mmoja kubaki salama. Na pale juu, rafu ya mwisho ya kabati la jikoni, kuna kopo la haluli, chupa ya mafuta ya nyonyo na pakiti ya majani ya sanamaki, vitu vitatu vya kuendesha ambavyo Bibi alivitumia kuwalea watoto saba bila kuwauliza. Kuwekwa karibu hivyo kwa ugonjwa, dawa na mtaalamu niliona ni kazi ya Mungu. Barua iliyokuwa nyuma ya kioo niliona ni kazi ya binadamu.

Jumatatu asubuhi nilitia kijiko kimoja cha haluli katika chai ya Mjomba, nikakoroga, nikampelekea mwenyewe kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu.

Alikunywa funda moja. Akasita kidogo. Akakiweka kikombe mezani taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kulipuka, akasema hana kiu. Baba, ambaye hajawahi kuruhusu kitu chenye sukari kimwagwe, alikivuta kikombe kile, akaongeza vijiko vitatu vya sukari, akakimaliza na kuondoka kwenda posta.

Nilitamani kumwonya. Lakini ningemwonya vipi bila kujishtaki?

Siku hiyo Mjomba aliuacha uji wa saa nne baada ya kuunusa. Baba alirudi mchana, mapema kuliko kawaida, akitembea kwa hatua fupi, na kwa kuwa uji ulikuwa pale, aliunywa ili kutuliza tumbo. Jioni Mjomba aliiacha chai. Baba akaimaliza. Jumanne, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa kwa uchungu, alilifunga dirisha la stempu mara sita mbele ya mstari wa watu, na mama mmoja mwenye kifurushi alimwambia kwamba serikali haimlipi kwa mchezo wa kujificha. Baba aliyalaumu maharage ya pale karibu na posta. Aliyalaani kwa majina. Na kila alipofika nyumbani alikuta kikombe cha Mjomba kimejaa, akakiokoa.

Nilijiuliza haluli yangu ya kijiko kimoja imepata wapi nguvu za siku mbili. Viranja walipona kabla ya chakula cha mchana. Nikahitimisha kwamba watumishi wa umma wana matumbo dhaifu.

Jumanne jioni tulikuwa mezani, wote watano. Mjomba aliweka kijiko chini. Alikuwa amekonda usoni. Alizungumza polepole, bila kumtazama mtu.

"Samahanini. Nauliza tu. Kuna mtu anatia kitu kwenye chai yangu? Na kwenye uji? Na kwenye chai ya jioni?"

Mama aliitazama sahani yake. Bibi akaitazama yake. Mimi niliichunguza yangu mpaka nikaona nyufa ambazo sikuwahi kuziona. Baba peke yake aliinua macho, akatutazama mmoja mmoja, akaomba radhi na kukimbilia mwisho wa ukumbi.

Baadaye nilimkuta Mama jikoni, ameshika kitambaa cha vyombo, analia bila sauti. Imerudi, alisema. Vilevile ilivyoanza. Asubuhi, mchana, jioni, kila chakula. Bibi alikaa kwenye kigoda akasema Alhamisi daktari aambiwe, dawa iongezwe haraka, kabla hatujafika kwenye mayai. Barua ya kazi ingojee.

Nami, Mungu anisamehe, niliamini. Maana nilijua nilichokitia mimi: kijiko kimoja, kikombe kimoja, asubuhi moja. Mjomba alikuwa anazungumzia uji. Alikuwa anazungumzia chai ya jioni. Sikuwa nimeugusa uji. Kwa hiyo kijiko changu kilikuwa kweli na vingine vyote vilikuwa ugonjwa, na pengine kijiko changu ndicho kilichouamsha.

Jumatano mchana Mjomba aliniita chumbani, yaani chumbani kwangu. Juu ya meza alikuwa na mizani yake ndogo ya mezani, ile ya sahani mbili, na sanduku la mawe ya shaba, kuanzia kubwa kama kizibo cha chupa hadi dogo kama ukucha wa mtoto. Pembeni kulikuwa na daftari. Akafunga mlango.

"Kaa, mpwa wangu. Nataka kukuuliza kitu, na nataka unijibu kama mwanamume. Jumatatu, chai ile uliyoniletea, ulitia kitu?"

Nimewahi kuulizwa maswali na mwalimu wa zamu, na mwalimu wa nidhamu, na mkuu wa shule mwenyewe na miwani yake miwili. Nina uso maalumu kwa shughuli hiyo, na niliuvaa. Niliifikiria ile barua nyuma ya kioo. Niliifikiria ile mistari miwili chini ya "yoyote". Nikasema, "Hapana, Mjomba."

"Hata sukari ya ziada?"

"Hapana, Mjomba."

Alitikisa kichwa polepole. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alianza kuyarudisha mawe kwenye sanduku, moja moja, kila moja katika tundu lake, kisha akalifunga sanduku na kufunga ndoano yake. Akanipa daftari.

"Basi kalitupe hili. Nilidhani safari hii nimepata ushahidi. Lakini mwenye akili kama yangu haachi kupata ushahidi, ndiyo kazi yake."

Nilitoka nalo. Sikulitupa. Nilikaa juu ya ile ndoo uani, nikalifungua.

Mwandiko wake ni mdogo na mnyoofu, kama wa mtu aliyezoea kuandika kwenye vibandiko. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mstari mmoja: "Kichwa changu kimewahi kunidanganya. Mizani haina sababu." Chini yake kulikuwa na safu tatu. Haluli, kopo zima. Mafuta ya nyonyo, chupa nzima. Sanamaki, pakiti nzima. Alikuwa akivipima kila kabla ya chakula na kila baada ya chakula, tangu Jumapili usiku, alipotoka kuzungumza nami uani. Si kwamba alikuwa ameshamshuku mtu. Aliandika kwamba alikwenda pale ili ahakikishe hakuna kilichoguswa, apate kulala.

Kopo la haluli: Jumatatu asubuhi, limepungua gramu sita. Baada ya hapo halikubadilika tena.

Gramu sita. Nilikimbilia jikoni, nikachota kijiko cha haluli, nikakikadiria mkononi. Ndicho chenyewe.

Lakini chupa ya mafuta ya nyonyo ilipungua Jumatatu saa nne, na tena Jumanne saa nne, wakati wa uji. Na pakiti ya sanamaki ilipungua Jumatatu jioni na Jumanne jioni, wakati wa chai. Na uji kwetu hupikwa na Bibi. Na chai ya jioni humiminwa na Mama.

Nilirudi kukaa juu ya ndoo. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu wazima, na hawa walikuwa wazima watatu, ukinihesabu mimi kwa hisani. Kila mmoja wetu alijua theluthi moja ya kweli, na theluthi mbili zilizobaki tukaziita ugonjwa wa Mjomba. Mtu pekee aliyekuwa na hesabu kamili ndiye tuliyekuwa tunampeleka kwa daktari.

Ningeweza kusema usiku uleule. Sikusema. Nilijiambia kwamba kesho huenda mambo yakajitengeneza yenyewe, jambo ambalo ndilo Mjomba alikuwa akijiambia kuhusu tumbo lake kwa siku kumi na moja.

Alhamisi tulikwenda kliniki kama ujumbe wa taifa. Mama alivaa nguo ya harusini. Bibi alishika mkoba kwa mikono miwili. Baba alipewa ruhusa na posta, ambao kwa maneno yao walifurahi kumwona akienda hospitali. Ukumbi ulikuwa na mabenchi ya mbao, mizani ya kupimia wagonjwa kando ya mlango, na choo mkabala, jambo ambalo Baba alilitambua kabla ya kukaa. Mjomba alisimama juu ya mizani, kwa mazoea tu, akatazama sindano ya kuonyesha uzito, akaguna, akashuka.

Daktari kweli alikuwa binti, mwenye kalamu iliyotafunwa. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara, alileta faili. Daktari alimwuliza Mjomba analalaje, kama anasikia sauti zozote, hali yake ikoje.

Mjomba aliketi wima. Alikuwa amevaa shati la kazini, lile lenye jina la karakana mfukoni. Nadhani alikuwa amelivaa kabla hajakata tamaa.

"Daktari, imerudi," alisema. "Naona watu wananitilia vitu kwenye chakula. Nimejaribu kujizuia. Nadhani uniongezee dawa. Na ile barua, tuiache kwanza."

Mama alianza kulia. Daktari aliacha kutafuna kalamu, akaanza kuandika. Niliweza kuiona karatasi. Palipokuwa na tatu aliandika nne, kalamu ikaanza kwenda kwenye tano.

Nikasimama. Najua kwa hakika kwamba hotuba nzuri za maisha yangu zote nimezitoa nikikana makosa, na hii ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

"Daktari, usiandike. Nilitia mimi. Gramu sita za haluli, Jumatatu asubuhi. Jana akaniuliza, nikamwambia hapana."

Nikaweka daftari mezani. Daktari alilisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma safu zile tatu kwa kidole. Kisha akamwuliza Bibi, kwa upole kabisa, kama anajua lolote kuhusu mafuta ya nyonyo.

Bibi alirekebisha kitambaa chake cha kichwa. Akasema kijiko kimoja tu cha mafuta hakijawahi kumdhuru mtu, na kwamba mwanawe alikuwa anateseka, na kwamba mama hawezi kukaa akitazama. Mama akamgeukia kwa mshangao.

"Mama, na wewe?"

"Kwani mwingine ni nani?" akasema Bibi.

"Mimi ni majani tu," Mama alisema, "kidogo, kwenye chai ya jioni."

Kisha kitendawili kikaanza kujitegua. Nilikiona kikisafiri mpaka usoni kwa Baba, kikapita kwenye chai, kikapita kwenye uji, kikafika kwenye chai ya jioni, kikarudi tena kwenye chai. Baba akafungua mdomo.

"Yaani," alisema, "maharage hayakuwa na kosa."

Muuguzi alitoka nje ya chumba. Tulimsikia akicheka ukumbini kwa sauti ile ya ng'ambo ya barabara, akarudi akiwa na uso mkavu.

Mjomba hakucheka. Alikuwa amenitazama tangu niliposimama, mikono juu ya magoti. "Gramu sita," alisema. Si kwangu, wala si kwa yeyote.

Kisha daktari akauliza swali ambalo watu watano wa nyumba moja walikuwa wamelizunguka kama shimo barabarani. Alimwuliza mara ya mwisho kwenda haja kubwa ni lini. Mjomba akatazama dari. Akasema leo ni siku ya kumi na mbili. Daktari akaweka kalamu chini kabisa.

Hapo mzaha uliisha kwa muda. Alimlaza, akampapasa tumbo, akamwuliza kama ametapika, kama ana maumivu makali, kama hewa inapita. Hewa ilikuwa inapita. Mjomba alilithibitisha hilo akiwa amefumba macho. Daktari alitueleza kwamba vidonge vile ndivyo vinavyoulaza utumbo, kwamba hilo hutokea kwa wengi, na kwamba wengi hunyamaza, na wapo walioishia kwenye chumba cha upasuaji kwa kunyamaza. Tumbo likivimba, au mtu akitapika, au hewa ikifunga, si la kungoja Alhamisi. Angeongeza dozi leo, utumbo ungelala zaidi. Mjomba angepunguza mwenyewe kimyakimya, kichwa kingerudi kule. Na angevinywa vile vitatu vyetu juu ya tumbo lililoziba hivyo, asingekuwa anatuchekesha sasa. Bibi alianza kusema watoto saba. Daktari akamwambia, kwa heshima zote, kwamba hao saba hawakuwa wanatumia vidonge hivi.

Mjomba akamwambia daktari kwamba angesema, ila hakuulizwa. Daktari alifikiri, akasema ni kweli. Kila mwezi alimwuliza habari za sauti, usingizi na hofu, hakumwuliza habari za choo. Akaandika juu ya faili kwa herufi kubwa ili yeyote atakayelifungua aulize.

Kisha muuguzi alimchukua Mjomba chumba cha pili, na yaliyofanyika huko yalihusu bomba dogo, dawa ya maji na ujasiri wa mwanamume mmoja. Alipotoka alikwenda moja kwa moja mlango wa mkabala. Lakini njiani, naapa, alisimama kwanza juu ya mizani. Akasoma. Akaingia.

Tulikaa kwenye benchi, familia nzima, tukiutazama mlango. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sitasema zaidi ya wahenga. Mama aliufunika uso kwa mkoba wa Bibi. Bibi alisema alhamdulillahi, na mzee mmoja wa benchi la pili, ambaye hakujua lolote, akaitikia.

Mjomba alitoka akiwa amesimama kama bendera. Alirudi juu ya mizani, akangoja sindano itulie, akapiga hesabu kichwani.

"Kilo moja na gramu mia nne," alimwambia muuguzi. "Lakini usiandike. Mizani yenu ina tatizo la gramu mia mbili hivi. Nikianza kazi Jumatatu nitapita kuiangalia."

Muuguzi alimwuliza kazi gani. Daktari alikuwa nyuma yake, na barua mkononi, imeshagongwa mhuri.

Tukiwa nje, Mjomba alinishika bega, tukabaki nyuma ya wengine. Nilingoja kibao. Alisema Jumatano usiku hakulala. Alikuwa amelala kwa miezi minane, na usiku ule hakulala, kwa sababu ya neno moja langu. Alitaka niijue bei yake. Nilisema nimeijua. Akasema sijaijua bado, lakini nitaijua.

Barua yangu Baba aliiandika usiku huohuo, kwa ukweli mtupu, kwani hakuna uongo unaoweza kupita kwenye kalamu ya karani. Aliandika kwamba nimegusa, kwamba mwathirika mkuu ni yeye mwenyewe, na kwamba nimekiri. Shule ilijibu kwa kuniongezea wiki moja.

Wiki hiyo nilipewa kazi. Kliniki ilitoa unga wa kulainisha choo, wa kuchanganywa na maji kila asubuhi, hadharani. Vidonge vya manjano vilibaki vitatu. Ziliongezwa chupa mbili za maji kwa siku, papai, matembezi hadi kona ya barabara na kurudi, na baada ya kifungua kinywa Mjomba anakaa chooni miguu ikiwa juu ya kigoda cha Bibi, dakika kumi tu, bila gazeti. Dawa za rafu ya juu ya kabati zilihamishwa. Na kwa amri ya Mjomba, hakuna kinachoingia kwenye kikombe chake bila kutangazwa na mimi, nimesimama, mbele ya watu wote.

Jumatatu ya kwanza ya kazi alikuja mezani na shati lile la karakana, sanduku la mawe ya shaba kwapani. Nilisimama. Nilitangaza kwamba kikombe kilicho mbele yake kina maji, kina pakiti moja ya unga kutoka kliniki, iliyofunguliwa sasa hivi mbele ya mashahidi, na hakina kitu kingine chochote, na kwamba nasema hivyo kwa hiari yangu na akili timamu.

Mjomba alikitazama kikombe. Akanitazama mimi. Mkono wake ulikwenda kwenye ndoano ya sanduku, ukasita, ukarudi. Kisha, kwa kidole kimoja, akakisukuma kikombe taratibu hadi upande wa pili wa meza.

"Shemeji," alisema, "tangulia."

Baba alichukua kofia yake ya posta na kuondoka bila kunywa hata chai. Mjomba akakivuta kikombe chake, akakinywa chote, akafuta mdomo, akaenda kukitafuta kigoda.